Unakuja Kuishi Japani? Anza na Taka, Anza na Jirani

Wiki iliyopita binamu yangu wa Korogwe alinitumia ujumbe wa sauti. Amepata ufadhili wa masomo, anakuja Japani mwezi wa tisa, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nibebe nini?" Nikaanza kumjibu kwa sauti vilevile. Dakika kumi na moja zikapita, bado niko kwenye habari ya siku za kutoa taka. Nikaona heri nikae niandike, maana swali hilohilo hunijia kila mwaka kutoka kwa vijana wa Dar, wa Mombasa, na mwaka huu mmoja wa Bujumbura.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nipo Kobe tangu Septemba 2016. Nilikuja kusoma, nikamaliza, nikapata kazi, nikabaki. Muda wote huo nimeishi jengo lilelile dogo, nyumba tatu chini na tatu juu, kwenye njia inayopanda kuelekea milima ya Rokko. Nitakayosema ni ya mtaa wangu. Ukienda Tokyo au kijiji cha Shikoku utakuta mengine. Lakini kuna neno moja nataka ulishike kabla ya yote: kimya cha watu wa huku usikisome kwa macho ya nyumbani. Kwetu jirani akipita bila salamu ndefu, bila kuuliza watoto na wazee na kazi, tunajua kuna jambo. Mwaka wangu wa kwanza niliamini kwamba mtaa mzima haunitaki. Sasa nikikumbuka waliyokuwa wakinifanyia katika kimya hicho, naona haya.

Nianze na taka.

Nyumbani taka ni kitu cha kumaliza: unafagia, unakusanya, gari likipita basi. Hapa taka zina kalenda. Kobe kuna mifuko maalumu ya jiji, unainunua dukani, na kila aina ina siku yake. Taka za kuchomwa ni mara mbili kwa wiki, mtaani kwetu Jumatatu na Alhamisi. Makopo, chupa za kioo na chupa za plastiki siku yake, vifungashio vya plastiki siku yake, visivyoungua siku yake. Unatoa asubuhi hiyohiyo kabla ya saa mbili. Usiku hutoi, kwa sababu kunguru wa huku wakiuona mfuko alfajiri wataupasua na kuusambaza barabara nzima, ndiyo maana kituo cha taka hufunikwa wavu.

Wiki ya pili nilitia kila kitu mfuko mmoja: maganda ya ndizi, chupa ya maji, kopo la samaki. Niliporudi jioni mifuko yote ilikuwa imezolewa. Wangu ulibaki peke yake chini ya wavu, umebandikwa karatasi. Sikuweza kusoma hata neno moja la karatasi ile, lakini niliielewa. Nikasubiri giza liingie ndipo nikaupandisha ngazi.

Kesho yake mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa nyumba ya chini yangu, mwanamke wa miaka sabini na ushei, mfupi, amevaa aproni, mkononi kalenda ya taka na kalamu nyekundu. Hakutaja mfuko. Alichuchumaa pale mlangoni panapovuliwa viatu, akachukua chupa tupu ya maji iliyokuwa pembeni, akanionyesha bila kusema neno. Akafungua kifuniko, akakiweka kando. Akachana ule utepe wa plastiki unaozunguka chupa, akauweka pamoja na kifuniko. Akanyoosha kidole jikoni kwenye bomba, maana yake suuza. Kisha akailaza chupa sakafuni akaikanyaga taratibu kwa kisigino mpaka ikawa bapa. Alipomaliza akazungushia duara nyekundu Jumatatu zote na Alhamisi zote za mwezi ule, akainama, akashuka.

Nilidhani nimetahayarishwa. Ilinichukua muda kujua kwamba wakazi wenyewe ndio wenye zamu ya kusafisha kituo cha taka. Kuna jumuiya ya mtaa, *chonaikai*, ukitaka ifikirie kama balozi wa nyumba kumi. Mfuko ukikataliwa na gari, anayebaki nao ni yule mwenye zamu wiki hiyo, na wiki ile zamu ilikuwa ya bibi. Angeweza kwenda kunishitaki kwa wakala wa nyumba. Akaja na kalamu nyekundu.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ukienda kuandikisha anwani, omba kalenda ya taka ya mtaa wako. Miji mingi inayo kwa Kiingereza pia. Ibandike jikoni. Na uwe na kimfuko kwenye mkoba wako kila utokapo, kwa sababu barabarani mapipa ni ya kutafuta kwa tochi. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarin kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo, Machi 1995, na watu wakazoea kubeba taka zao hadi nyumbani.

Sasa salamu. Ukihamia nyumba mpya, desturi ni wewe mgeni kwenda kugonga kwa majirani: wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini. Unajitambulisha kwa jina, unainama, unasema *yoroshiku onegai shimasu*, yaani naomba tuishi vizuri, unatoa kizawadi kidogo kama taulo au sabuni. Dakika moja, mlangoni, huingii ndani. Siku hizi mijini wengi wameacha, na mimi sikuwa na habari nayo kabisa. Wewe fanya. Fanya ndani ya wiki ya kwanza hata kama Kijapani chako ni maneno matano.

Na hapa ndipo jibu la "nibebe nini" linapoanzia: beba kahawa. Wajapani wanaijua kahawa ya Tanzania kuliko tunavyodhani, wanaiita "Kirimanjaro", na kwa kanuni zao jina hilo linaruhusiwa kwa arabika inayolimwa Tanzania isipokuwa ile ya Bukoba. Kwa hiyo hata kahawa ya Mbeya au Mbinga huku inauzwa kwa jina la Kilimanjaro. Pakiti ndogo ya kahawa kutoka kwa mtu wa nchi yenyewe, hilo jirani atalikumbuka. Lakini iwe ndogo kweli. Baada ya yale ya kalenda nilitaka kumshukuru bibi kwa moyo wote, nikampelekea doti nzima ya kitenge, kikapu cha ukindu na kahawa nusu kilo. Alipokea kwa mikono miwili, uso ukabadilika. Siku nne baadaye nikakuta sanduku la zabibu mlangoni, zile zinazopangwa kama vito, ambazo bei yake ilinifanya nikae chini. Zawadi hapa inarudishwa, kuna neno lake, *okaeshi*, na mara nyingi hukadiriwa nusu ya thamani. Kumbe nilimtwisha deni mstaafu.

Mtu wa pwani hilo halimshindi kulielewa. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Tofauti ni kwamba kwetu unarudisha ulicho nacho hata kama ni maembe matatu, hapa watu hupiga hesabu.

Sasa nikupe ya kinu. Nilikuja na kinu kidogo cha mti na mchi wake, kwa ajili ya thomu, tangawizi na pilipili manga. Nilikuwa nikirudi maabara saa tatu usiku, naanza kupika, natwanga. Mwezi wangu wa pili hapa ikaingia karatasi kwenye kisanduku cha barua. Nikaipiga picha, nikaitafsiri kwa simu: wakazi wote wanaombwa kuwa waangalifu na sauti za kugonga wakati wa usiku. Wakazi wote. Nikaangalia visanduku vingine, kila kimoja kina karatasi yake. Nikajiambia kuna mtu ana tabia mbaya humu. Nikaendelea kutwanga wiki nzima zaidi, mpaka mwenzangu wa maabara, Mganda aliyenitangulia miaka mitatu, alipokuja kula na kuniona na mchi mkononi. Akaacha kucheka ghafla. Akasema, "Dada, karatasi ile imeandikwa kwa ajili yako."

Huku lawama hutupwa hewani ili mwenye nayo aiokote mwenyewe bila kuaibishwa. Wana msemo wao, kusoma hewa. Ukiona tangazo la jumla, jiulize kwanza kama ni lako. Nilitandika taulo iliyokunjwa chini ya kinu na nikahamishia kutwanga Jumapili mchana. Pia usifue kwa mashine usiku, na viatu vua kwa utulivu. Nyumba hizi kuta zake nyembamba.

Vilevile na kukataa. Nilimwalika mwenzangu wa Kijapani kula pilau Jumamosi. Akasema *"Doyobi wa chotto..."*, yaani "Jumamosi kidogo...", akanyamaza. Nikangoja amalizie. Kidogo nini? Nikamuuliza kwa nini, una kazi, unasafiri? Uso wake ulikuwa mwekundu. Sentensi ile ilikuwa imekwisha. *Chotto* ndiyo "hapana" yenyewe. Nikiwaza sasa naona mtu wa Tanga ningepaswa kuelewa mara moja, kwa sababu ni mara ngapi tunamwambia mtu "inshallah tutaangalia" na wote wawili tunajua jibu? Ukiisikia *chotto* yenye kimya nyuma yake, sema "sawa, wakati mwingine", na usichimbe.

Kwa lugha yenyewe, usiogope. Irabu ni tano, zilezile zetu, na maneno karibu yote yanaishia irabu. Wenzako kutoka Ulaya watahangaika na matamshi, wewe utasomeka siku ya kwanza. Angalia tu urefu wa sauti: *obasan* ni shangazi au mama wa makamo, *obaasan* ni bibi, na kumwita mama wa miaka arobaini bibi si jambo la kucheza nalo. Utakutana na maneno ya kukustua: *mimi* kwao ni sikio, *nani* ni "nini", na *saba* ni samaki wa jamii ya vibua, mtamu sana akichomwa kwa chumvi. Na kuna Wajapani wanaojua Kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka kinakifundisha kama fani kamili ya shahada. Mara yangu ya kwanza kupigiwa shikamoo kwenye jukwaa la treni Umeda, na msichana wa miaka ishirini, nilisahau hata kuitikia marahaba.

Jifunze kwanza maneno ambayo Waingereza hawana lakini sisi tunayo. *Otsukaresama* ni "pole na kazi", inasemwa kila jioni kwa kila mtu, na ukiikosa unaonekana umeondoka kama mwizi. *Itadakimasu* kabla ya kula imekaa mahali pa bismillahi yetu. Kuna *tadaima*, "nimerudi", na anayekujibu husema *okaeri*. Na *sumimasen* ni hodi, samahani na asante kwa pamoja. Ukiwa nalo hilo moja unaweza kuishi mwezi. Mtu mzima usimwite kwa jina la kwanza, tumia la ukoo na *san*, na *san* hiyo usijipachike mwenyewe. Aliyelelewa na shikamoo ataelewa lugha ya heshima ya Kijapani mapema kuliko anavyofikiri.

Ya ofisini niyapitie haraka, maana haya yameandikwa kila mahali. Ukipata nyumba una siku 14 za kuandikisha anwani ofisi ya wilaya ya mji wako. Kadi ya ukaazi itembee nawe kila siku, ni sheria. Bima ya afya ya taifa jiunge palepale; ukitibiwa utalipa asilimia 30, iliyobaki inalipwa na bima. Kwenye nyumba binafsi utadaiwa amana, ada ya dalali, ada ya kampuni ya udhamini, na mara nyingine *reikin*, ambayo ni kilemba hasa: unampa mwenye nyumba na hairudi. Jumlisha yote na kodi ya mwezi wa kwanza, inaweza kufika kodi ya miezi minne au mitano. Kama chuo kina bweni, lichukue. Na uje na akiba ya mwezi wa kwanza na wa pili, kwa sababu posho ya ufadhili haikungoji uwanja wa ndege.

Ukichelewa, hata dakika tano, tuma ujumbe kabla ya saa iliyopangwa, si baada. Treni zenyewe zikichelewa kituo hutoa cheti cha kuthibitisha, na watu hukipeleka kazini. Ukikwama kwenye utafiti, mwambie msimamizi mapema. Atakusamehe kazi isiyokwenda, lakini kumficha hatasahau.

Chakula. Wewe Mwislamu jifunze alama mbili kabla ya kupanda ndege: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Ya pili itakushangaza ilivyo kila mahali, kwenye mchuzi wa soya, kwenye mboga, na *mirin* ya kupikia ni pombe vilevile. Kobe una bahati: msikiti wa hapa ulijengwa 1935 na wafanyabiashara wa Kihindi na Watatari, ndio wa kwanza Japani, ukasimama mabomu yalipoteketeza mji 1945 na ukasimama tena kwenye tetemeko la 1995. Karibu yake kuna maduka ya halali, na hapo ndipo utapata mchele wa basmati. Wa Kijapani unanata. Ukiupikia pilau utapata bokoboko. Tui la nazi la kopo lipo. Mchicha sikuupata, natumia *komatsuna*, na kwa sukuma wiki pia inafaa. Unga wa ugali unaagizwa mtandaoni. Ukiambiwa *senbei* usidhani ni sembe, ni biskuti ngumu za mchele.

Usibakize chakula kwenye sahani. Wana neno *mottainai*, na Mswahili analo lake, israfu. Mama Wangari Maathai wa Kenya alilisikia alipokuja 2005 akalipenda, akazunguka nalo duniani kuhubiri utunzaji wa mazingira, na wazee wengi hapa ukitaja Kenya watakutajia jina lake. Nasema kwa heshima zote, hata hivyo, kwamba nchi yenye neno zuri hivyo haikupaswa kuifunga kila biskuti kwa plastiki yake peke yake. Hili bado linanikera.

Na kuna yanayouma, siwezi kukuficha. Treni imejaa, watu wamesimama, na kiti kilicho kando yako kiko wazi. Kitatokea kwako. Mara ya kwanza nilinusa nguo zangu. Polisi wamenisimamisha mara nne kukagua kama baiskeli ni yangu, kwa hiyo andikisha baiskeli siku unayoinunua na uwe na karatasi. Nilipotaka kuhama mwaka 2019, nyumba mbili nilizozipenda nikaambiwa kwa simu kwamba mwenye nyumba hataki wageni, kwa adabu kubwa mno, kana kwamba ananipa salamu za sikukuu. Nililia siku ile. Usijidanganye kwamba hayapo, na usikubali mtu akuambie umeyawaza mwenyewe. Tafuta Waafrika wenzako mjini, kuleni pamoja angalau mara moja kwa mwezi, semeni lugha yenu kwa sauti kubwa. Nilichojifunza kuhusu kile kiti, kwa kuwauliza wenzangu wa kazini ana kwa ana, ni kwamba wengi wanaogopa utawasemesha Kiingereza wao washindwe kujibu. Kuujua woga huo hakukufuta uchungu. Kulinisaidia kusalimia kwanza, kwa Kijapani, kila mara.

Nilibaki jengo lilelile, na nashukuru. Nieleze sababu.

Jumatatu ya tarehe 18 Juni 2018, saa 1:58 asubuhi, nilikuwa nimetoka kutoa taka. Nimeshika sufuria. Simu ikalia mlio ambao sikuwahi kuusikia, mkali, wa kukatakata, na sekunde chache baadaye vyombo vikaanza kugongana kabatini. Kitovu kilikuwa kaskazini mwa mkoa wa Osaka, ukubwa 6.1, sisi Kobe tulipata mtikisiko wa kadiri tu, lakini kwa mtu ambaye hajawahi kuona sakafu ikitembea hakuna kadiri. Nikafanya kosa ambalo usilifanye: nikakimbilia nje. Kule Osaka asubuhi ileile ukuta wa tofali uliangukia mtoto wa shule akienda zake shuleni, akafa. Ukuta, vioo na vigae ndivyo vinavyoua barabarani. Kaa ndani, ingia chini ya meza, kinga kichwa, ngoja ipite, kisha fungua mlango usije ukajibana.

Nilipokuwa nimeshikilia reli ya ngazi, bibi wa chini alikuwa anapanda. Ana tochi shingoni na viatu imara miguuni. *"Daijobu?"* U mzima? Nikaitika. Akagonga mlango wa pili, akagonga wa tatu. Huyo wa tatu hakuitika, bibi akaangalia saa, akasema huyu huondoka saa moja na nusu, yuko kazini. Akashuka kukagua wa chini. Milango sita, dakika mbili. Mwanamke ambaye kwa karibu miaka miwili hakuwa amenisemesha zaidi ya hali ya hewa alijua kila mmoja wetu anatoka saa ngapi.

Jioni ile alinikaribisha ndani kwake, kwa mara ya kwanza. Chai, meza fupi, picha ya mumewe ukutani. Akaniambia kwamba zamani waliishi Nagata, upande wa magharibi wa mji. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, nyumba yao ya mbao ililala. Watu 6,434 walikufa katika tetemeko lile, na Nagata ndiko moto ulikoteketeza mitaa mizima. Zimamoto hawakutosha na barabara zilikuwa zimeziba, kwa hiyo waliofukuliwa wakiwa hai wengi wao walifukuliwa na majirani. Yeye alitolewa na muuza tofu wa nyumba ya tatu. Mtu huyo alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma upande wa kushoto, akaanza kuondoa mbao hapo. "Alijua tunalala wapi," akasema. Alimtoa yeye kwanza. Habari ya mumewe hakuiendeleza, nami sikuuliza.

Nimesoma baadaye kwamba kisiwani Awaji, mji wa Hokudan ulio karibu kabisa na kitovu, ilikuwa hivyohivyo: watu walijua nani analala chumba gani, wakachimba mahali sahihi, wakawatoa waliofukiwa siku hiyohiyo.

Kisha akaniuliza swali ambalo siku nyingine ningeliona la ajabu: "Wewe unalaza kichwa upande gani?" Akaleta karatasi iliyochorwa miraba sita kwa penseli, tatu juu, tatu chini. Kila mraba una mstari na mshale wa kuonyesha kichwa. Wangu ulikuwa mtupu. Nikamwonyesha, upande wa dirisha, akachora.

Tangu siku ile viatu vyangu vinalala kando ya godoro, kwa sababu ya vioo, na tochi iko mahali mkono unafika gizani. Nina begi karibu na mlango: maji, dawa, nakala ya pasipoti, sarafu za kutosha, soksi, betri ya simu. Maji ya kuhifadhi nyumbani wanashauri lita tatu kwa mtu kwa siku, ya siku tatu angalau. Jua shule gani ya mtaa ndiyo kimbilio, itembelee mara moja ukiwa na utulivu. Polisi ni 110, zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, na 171 ni namba ya kuachia ujumbe wa sauti wakati wa maafa ili ndugu wajue u hai. Ndugu wa nyumbani wape namba ya mwenzako mmoja aliye mji mwingine.

Bibi alihamia kwa binti yake Himeji mwaka 2022. Tunapigiana simu, na vuli hunitumia zabibu, sanduku dogo sasa, nami nampelekea kahawa gramu mia mbili. Siku ya kuhama alipanda ngazi akanipa kalamu nyekundu na ile karatasi ya miraba.

Aprili mwaka huu nyumba yake ya zamani ilipata mpangaji, kijana wa Kivietinamu, mwanafunzi. Alhamisi ya kwanza mfuko wake ulibaki chini ya wavu, umebandikwa karatasi. Nilishuka jioni na kalenda, kalamu, na pakiti ya Kirimanjaro. Tulikanyaga chupa pamoja pale mlangoni. Kijapani chake kilikuwa kama changu cha 2016, kwa hiyo nilipofika kwenye swali la kichwa analaza upande gani ilibidi nilaze kiganja shavuni na kufumba macho. Alinitazama sana. Nikatoa karatasi, nikamwonyesha mshale wangu, nikampa penseli.